Kilo Nane Mgongoni

Chama chetu cha wapanda milima hapa Hobart, Australia, kina sheria moja isiyoandikwa popote: ukibebewa mzigo leo, wiki ijayo jina lako linahamia kundi la Jumatano, wazee wanaozunguka ziwa na chupa za chai. Mimi Noelene, miaka sitini na tisa, goti la kushoto la chuma, sikuwa tayari kuzunguka ziwa. Daktari aliyenipasua aliniruhusu kilo nane. "Zikizidi hapo usije kunililia," alisema.

Shanta langu la turubai lilikuwa na kilo mbili na nusu likiwa tupu. Nikalitupa stoo, nikaenda duka la vifaa vya mlimani kutafuta jipya, na kapu la vitu vyangu: hema, mfuko wa kulalia, jiko, nguo za mvua. Binti wa dukani, Tegan, akaniletea vifuko vya mchanga vya kujaribia.

"Mchanga siulalii wala siupiki, mwanangu. Nijazie vitu vyangu."

Akacheka, akajaza. La kwanza lilikuwa shanta la gramu mia nne, jepesi kama leso. Nikapanda na kushuka nalo ngazi za duka, wateja wakinipisha. Mara ya kumi na tano mabega yalikuwa yanawaka moto, maana halikuwa na mkanda wa kiuno. La pili lilikuwa na mkanda mpana na fito mbili mgongoni, na mzigo ukahama mabegani ukakaa kwenye nyonga.

"Hilo gramu mia tisa, mama," Tegan akanikumbusha. "Si ulitaka jepesi?"

"Mgongo wangu haujui kusoma mizani. Funga hilo."

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa sita chini ya mlima. Kiongozi wetu, Murray Pybus, alitundika mizani ya samaki kwenye tawi la mkaratusi, akapima mashanta akisoma kwa sauti, kama kawaida yake.

"Noelene, kilo nane na gramu mia nne."

Nilikuwa nimepima nyumbani usiku, nikapata chini ya kilo nane. Asubuhi nikatia keki ya matunda bila kufikiri, maana kwetu mtu haendi mlimani bila keki ya kugawia wenzake, na mazoea ya miaka arobaini hayaombi ruhusa.

"Nipe hema, dada," Murray akasema. "Kwangu si kitu."

Ndiyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Hunibebei," nikamjibu.

"Basi liache garini. Si tunalala kibandani kule juu?"

"Na theluji ya Januari ile, katikati ya kiangazi, umeisahau? Hema linapanda, na linapanda na mimi."

Nikakaa juu ya jiwe, nikatoa keki, nikaikata vipande sita.

"Keki saa hizi?" akauliza.

"Tumbo lina saa? Kula, baba."

Wakala wote, hata waliojidai wameshiba. Murray akatundika shanta tena, akasoma chinichini.

"Sijasikia," nikamwambia.

"Kilo saba na gramu mia tisa," akasema, safari hii kila mtu akasikia.

Tulipanda kwa muda wa saa nne. Goti lilinung'unika, nyonga zikabeba, nami nikatembea wa tatu kwenye mstari toka mwanzo hadi mwisho. Nilijivuna, na sioni haya kulisema. Tangu nilazwe watu walikuwa wakinishika mkono hata kwenye ngazi mbili za kanisa.

Kibandani kuna kitabu ambamo kila anayefika hujiandikisha. Murray alikwisha kuandika: Pybus na wenzake watano. Nikamwomba kalamu. Nikaandika jina langu kwenye mstari wake peke yake, nilikotoka na ninakokwenda. Hapakuwa na safu ya mzigo, nikaandika pembeni: amebeba mwenyewe. Kisha nikapiga mstari chini yake, mara mbili.