Damu ya Kitinda Mimba

Nilipomtoa mdogo wangu kipande cha ngozi mkononi, aliniuliza kama na mfupa nautaka. Ndivyo alivyokuwa, kitinda mimba wa mama, mtani hata kitandani. Uboho wake haukujua kutengeneza damu tangu utotoni, akawa anaishi kwa kuongezewa. "Wanasema damu nzito kuliko maji," alikuwa akiwaambia wauguzi. "Yangu mimi ndiyo maji yenyewe."

Mimi ni mtafiti. Maabara kwetu tulizirudisha seli za ngozi yake nyuma, zikawa seli shina, seli changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini, kisha tukazielekeza kwenye damu. Za watu wenye afya, zikifika hatua fulani, hujiviringa, hubanduka kutoka kitako cha kisahani cha kuzioteshea na kuelea. Zake zilikwama njiani. Nilihangaika mno kabla ya kugundua kwamba jeni moja, ile inayotakiwa kuamka mapema ili iziamshe nyingine, ilikuwa na kasoro ndogo, ikalala fofofo. Nikaisahihisha. Seli zikaanza kubanduka, moja moja, hatimaye zikawa nyekundu.

Nikamwita aje aone. Aliinamia hadubini akaanza kuzihesabu kwa sauti.

"Sasa dada, si unirudishie?"

"Bado, mdogo wangu. Kisahanini zinaishi, mwilini hatujui zitafanya nini. Ni kazi ya miaka."

"Basi kaza mwendo. Zenyewe zina kabati la kuzihifadhi, mimi sina."

Alifariki mvua zilipoanza, kwa homa tuliyoidhania mafua.

Waombolezaji walipotawanyika, mama alikuja maabara peke yake. Hakutaka kiti.

"Nasikia seli za mwanangu bado zi hai."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe, kabla hajaenda. Kwa hiyo nimemzika nusu?"

Nilimweleza kwamba seli hazina kumbukumbu wala maumivu.

"Sijakuuliza zinajua nini," akasema.

Nikamwambia kwamba uamuzi ni wake. Akitaka, nitazitoa siku hiyohiyo tukazizike kando ya kaburi lake.

"Nionyeshe kwanza."

Nilimwekea kisahani, nikamrekebishia lenzi. Aliangalia mpaka mgongo ukamuuma, akajifuta macho kwa upindo wa mtandio.

"Hizi nyekundu ndizo alizokosa?"

"Ndizo."

"Na mtoto wa mama mwingine, akiwa na ugonjwa huu, zitamfaa?"

"Huenda, mama. Sitaki kukudanganya."

Aliweka mkono juu ya meza yangu.

"Ziache," akasema. "Ila usiniite tena kuziona."

Tuliposhuka ngazi alinishika kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimsindikiza hadi getini, nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha nikarudi kuzibadilishia seli chakula chake.