Jina Kabla ya Kengele

Ubao wa darasa la tatu niliuosha mwenyewe Ijumaa, ukabaki mweusi tii. Jumatatu, siku ya kufungua shule, naingia na ndoo yangu nakuta kwenye kona ya juu kumeandikwa WAPIGA KELELE. Chini yake jina moja: Chiriku. Na hakuna mtoto hata mmoja aliyekwisha kufika.

Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba watoto hurudi kutoka likizo adabu wameiacha huko. Kwa hiyo atakayetulia wiki nzima atapewa penseli mpya, na ambaye jina lake litakuwa ubaoni Ijumaa atarudishwa nyumbani. Chiriku ni jirani yangu, analelewa na bibi yake. Bibi alishaapa: akirudishwa tena, shule basi, atabaki kuchota maji.

Mwalimu wa darasa akaingia, madaftari kwapani.

"Shikamoo, mwalimu. Hili jina…"

"Marahaba. Liache, ni la wiki nzima."

"Lakini watoto hawajaingia."

Akacheka. "Chiriku huyo! Likizo nzima mdomo haujapoa. Nimemtangulia tu, nimeliandika jana. Wenzake wakiliona watanyooka wenyewe."

Mimi nikiongea na walimu huwa naangalia ndoo. Nikaiangalia. Nikachovya kitambaa, nikafuta jina.

"We! Nani kakutuma?"

Akaliandika upya, akakandamiza mpaka chaki ikakatika. Nikafuta tena. Maji yakamchuruzikia viatuni.

"Kazi yako ufagio, dada. Nakupeleka kwa mwalimu mkuu sasa hivi."

"Twende. Nitamwambia nimefungua mlango huu saa kumi na mbili na robo, na jina nimelikuta."

Hakwenda. Mlango ukasukumwa, Chiriku akaingia mbio, begi limemfika magotini.

"Shikamoo mwalimu, shikamoo dada, jino limeota! Hili hapa! Bibi kasema nikikaa kimya nitapata penseli, nimeanza tangu njiani, sijaongea na mtu, nimeongea na mbuzi tu. Mbona ubao umelowa?"

"Kaa chini," mwalimu akasema. Mtoto akakaa, akajibana midomo kwa vidole viwili, macho yamemtoka kwa jitihada.

Mwalimu akanigeukia. Sauti aliishusha, lakini si kiasi cha mtoto kutosikia.

"Hivi wewe ulisoma mpaka la ngapi?"

Nilijua anachotaka: nione haya, nichukue ndoo, niondoke. Nikasimama pale pale, mgongo umegusa ubao na blauzi inalowa.

"La tano, mwalimu. Niliandikwa kwenye orodha kama hii, nikarudishwa nyumbani, na sikumwambia mtu kitu. Sasa nasema. Siku ile sikupiga kelele. Sikuwa nimefungua mdomo hata kuomba chaki."