Moshi wa Doña Nemesia

Mimi hasira zangu ziko karibu. Kila mtu hapa kwenye kituo chetu cha kupima hewa mlimani anajua, na Doña Nemesia anajua kuliko wote, maana ndiye anayenipikia.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti nilimkuta nyuma ya jiko amepiga magoti mbele ya makaa, anamchomea Pachamama, Mama Ardhi, sadaka: majani ya koka, mafuta ya lama, peremende, na kileo kidogo juu yake. Punde mashine ya kupima hewa ikapiga king'ora, ikafunga mdomo wake wa kuvutia hewa, ikazimika. Ilikuwa siku ya tano. Wenye mashine, kule ng'ambo, walitaka siku kumi mfululizo bila kusimama. Ikishindwa, wanaing'oa na kuipeleka nchi nyingine. Miaka sita nimeililia mashine ile!

"Doña Nemesia! Umeniua!"

"Nilikuwa naiombea, injinia. Mgeni hakai mlimani bila Mama Ardhi kupewa chake. Tena Agosti, mdomo wake uko wazi."

"Basi kashiba! Kala na mashine yangu!"

Akamwagia makaa maji, akaingia ndani. Jioni aliniletea supu bila nyama.

Jumamosi asubuhi barua ikaja: anzeni upya Jumatatu, nafasi ni hiyo moja tu. Nikafungua faili la kituo, lile ambalo programu ya mashine hulisoma ili ijue iko wapi duniani. Kimo cha mlima nilijaza, baridi nilijaza, upepo nilijaza. Nikafika penye swali: Je, kuna moshi wa kawaida wa mahali hapo? Na jibu langu mwenyewe: Hakuna.

Hakuna! Juu ya La Paz, Agosti! Mimi niliyezaliwa El Alto, mama yangu akichoma kila Ijumaa ya kwanza! Niliona haya kuwaandikia watu wa ng'ambo kwamba tunaichomea ardhi peremende. Ndiyo maana programu ilipoona moshi ilidhani kituo kinaungua. Kosa langu, na mama wa watu nimemfokea bure.

Nikaenda jikoni nimenywea.

"Nisamehe, Doña. Nina kazi, na anayeijua ni wewe. Nitajie moshi wote wa huku."

Aliendelea kumenya kiazi. "Leo ndiyo unauliza? Na ulivyosoma hivyo?"

"Ndiyo leo."

"Kalamu unayo?"

Akataja Ijumaa za kwanza, Jumanne ya Karnivali, mioto ya Mtakatifu Yohane mwezi Juni, Agosti yote, mabua yanayochomwa bondeni kabla ya mvua, hadi matanuri ya mikate ya sikukuu ya wafu. Nikaingiza yote. Siku hizo programu itaupima moshi na kuupa jina, pampu ya mashine isizimike; moto wa kweli utajulikana kwa kipimajoto cha darini.

Ikabaki kujaribu. "Choma tena," nikamwambia.

"Sichomi. Nimekoma."

"Nakuomba."

"Jana nilikuwa muuaji."

Nikapiga magoti mimi, nikawasha makaa mwenyewe. Yakanishinda, hewa ya huku nyembamba, moto unataka subira, na subira sina. Alinitazama nikipuliza hadi machozi yakanitoka, akaangua kicheko, akanisukuma.

"Hebu sogea, unamchelewesha Pachamama."

Moshi ukapanda. Tukakimbilia kwenye skrini. Mstari wa moshi ukapaa, ukapita pale mashine ilipozimikia Ijumaa, na pampu ikaendelea kuunguruma. Chini yake yakatokea maneno niliyoandika: Moshi wa Doña Nemesia.

"Jina langu hilo," akasema, kidole kwenye kioo. "Kule ng'ambo watalisoma?"

"Kila Ijumaa ya kwanza."

Siku kumi zikatimia, mashine ikabaki. Wenyewe wakaniandikia kunishukuru kwa kulijua vizuri eneo langu. Nikaichapa ile barua, nikakata jina langu kwa kalamu, nikaandika lake, nikampelekea jikoni.

"Asante, Doña. Mashine imebaki kwa ajili yako."

Akaisoma mara mbili, akafuta mikono, akaniongezea nyama kwenye supu.