Dawa ya Kupakaza

Mélanie na Zaina walianza kuitana mukwe wakati mmoja wa watoto wao hata hajazaliwa. Clotilde wa Mélanie alikuwa bado mchanga, tumbo la Zaina liko mbele yake, na majirani hao wawili wa Likasi walikuwa wamekwisha kuamua mambo yote: akija mvulana, atamwoa Clotilde, basi. Waume zao walicheka. Augustin, mume wa Mélanie, alifanya kazi kiwandani Shituru. Assani, mume wa Zaina, alikuwa dereva wa lori, Mwislamu mwenye asili ya Kasongo kama mkewe. Walicheka, lakini hawakukataa. Mélanie yeye hakuwa akitania. Hakuwa na dada mjini, na alitaka Zaina awe ndugu yake kwa njia ambayo hakuna mtu angeweza kuivunja.

Mvulana akaja kweli, wakamwita Matata. Lakini maziwa ya mama yake yalikuja kwa kusitasita.

"Mukwe, maziwa iko kidogo," Zaina alisema siku moja, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. "Mutoto analia mpaka sauti inaisha."

"Usisumbuke. Kwetu iko dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa tunda la mufungufungu, mti ambao wengine huuita mwegea, wenye matunda marefu na mazito yanayoning'inia. Mwenye akili zake hakai chini yake, maana tunda likimwangukia kichwani hahitaji tena daktari. Lakini lina faida zake, na Mélanie alikuwa ameziona. Augustin alipochomwa mikono na asidi kiwandani na pomada ikashindwa, unga wa tunda hilo ndio uliovikausha vidonda. Wanawake wa kwao hulitwanga wakalipaka kwenye matiti ili maziwa yajae, kisha huyaosha vizuri kabla mtoto hajashika ziwa. Kulinywa bichi? Hakuna anayewaza. Kila mtoto wa Kisanga, kabila la Mélanie, anajua kuwa litamvuruga tumbo, kama anavyojua kuwa moto unaunguza.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Jambo linalojulikana na kila mtu, nani atajisumbua kulisema? Isitoshe, mama yake Mélanie alimlea akiamini kuwa anayetoa dawa hapigi domo; dawa ikizungumzwa sana, inapoa. Basi akaenda upande wa Buluo, akachuma tunda, akalifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi Zaina mlangoni kwake.

"Twanga, tia mayi kidogo. Asubui na mangaribi."

"Aksanti, mukwe."

Akageuka, akaenda zake kupika bukari, ugali wa jioni, roho imemtulia. Naye Zaina, ambaye kwao dawa ya maziwa hunywewa, uji wa tangawizi na pilipili manga, alitwanga, akatia maji, akaonja. Lilikuwa chungu. Uchungu ule ndio uliompa imani, akanywa kikombe kizima.

Tumbo lilimshika kabla jua halijazama. Alitapika na kuharisha hadi miguu ikamwishia nguvu, Assani akampakia kwenye lori kumpeleka hospitali. Mélanie alifuata kwa miguu, Clotilde mgongoni. Alimkuta muuguzi mmoja, Constantin, akimtundikia Zaina chupa ya maji.

"Nani alimupa hii kintu?" Constantin aliuliza.

"Minye," Mélanie alijibu. "Lakini sikumwambia akunywe."

"Ulimwambia apakaze?"

Mélanie alisogea karibu na kitanda. Alimtazama rafiki yake, midomo imempasuka kwa ukavu, akatamani ardhi immeze. Sentensi moja tu. Pumzi aliyoibana pale mlangoni ingetosha.

Kesho yake Assani alikuja nyumbani kwa Mélanie na Matata mikononi. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika yote, na sasa alikuwa halii tena, jambo lililotisha kuliko kilio. Zaina alikuwa bado kitandani hospitalini, matiti yamekauka. Mélanie alinyoosha mikono, lakini Assani hakumpa mtoto papo hapo.

"Mama Clotilde, sikia kwanza. Ukimunyonyesha huyu, anakuwa mutoto wako. Clotilde anakuwa dada yake. Kwetu njo vile. Ile neno munasemaka na mama yake, ya batoto kuoana, inaisha."

"Zaina anajua?"

"Njo yeye alinituma."

Mélanie alimtazama Clotilde aliyelala kwenye mkeka, kisha akaufungua mkanda wa nguo yake.

"Lete mutoto, ba Assani."

Matata alinyonya kwa pupa, mkono wake mdogo umemng'ang'ania kidole. Mélanie alilia muda wote, na hakumficha mtu.

Zaina alipona, akarudi nyumbani. Hakumlaumu hata siku moja, na bora angemlaumu. Aliacha tu kumwita mukwe.

Watoto walikua katika ua mmoja. Matata alipoanza kunyoa ndevu, alikwenda kwa mama yake na jambo ambalo kila mwenye macho alikuwa ameliona, akamtaja Clotilde. Zaina akamkumbusha alinyonya ziwa la nani. Kijana hakubisha. Alichukua lori la baba yake, akashinda barabara ya Kolwezi msimu mzima, na aliporudi alimwita Clotilde dada mbele ya watu wote, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Clotilde aliolewa na mwalimu wa Mulungwishi. Asubuhi ya kuondoka kwake, Mélanie alipita kwanza kwa Zaina, maana Mayimuna, binti mdogo wa Zaina, alikuwa amejifungua. Alimletea tunda kwenye kitambaa.

"Ya kupakaza," alisema. "Inje tu. Aiko ya kukunywa. Halafu unaosha ziwa. Umesikia? Ya kupakaza."

Mayimuna alicheka kidogo. Mama Mélanie alikuwa na sifa hiyo mtaani. Tunda hilo akimpa mtu, hata bibi kizee wa Kisanga, humwambia maneno hayo hayo hadi achoke.

Zaina hakucheka. Alikipokea kitambaa kwa mikono miwili.

"Tumesikia, mama Clotilde," alisema polepole.

Nje, Matata alikuwa akipandisha sanduku la dada yake kwenye lori.