Tisa Wanaongoja Kuandikwa

Jumanne saa moja asubuhi, katika kiwanja kidogo cha ndege nje ya Gilgil, fundi Kiprugut alikinga mafuta ya ndege kwa glasi kuyakagua, kama kila siku. Ndani ya glasi, chini, kulikuwa na maji, ya kutosha kuzima injini angani. Kifuniko cha tangi la kiwanja kimepasuka tangu mvua za Aprili, na wakubwa wanajua. Akamwaga mafuta yote, akajaza mengine ya pipa, na abiria tisa wakaenda Kisumu wakarudi.

Jumatano, hao tisa walikuwa kwenye benchi kando ya ofisi, wameungua, mikanda ya viti ingali viunoni. Saa hiyo hiyo walikuwa pia makwao, wazima, wakinywa chai. Kiprugut alimzika mkewe mwaka juzi, kwa hivyo wafu hawamsumbui. Wanaomsumbua ni mameneja.

"Mnangoja nani?"

"Kuandikwa, mzee," akasema Fancy, mnunuzi wa maua kutoka Naivasha. Nusu ya nywele zake hazikuwepo. "Jana tulikufa kidogo. Bila ripoti hatuwezi kutoka hapa."

Kiprugut akajaza fomu ya ajali iliyozuiwa, kwa herufi kubwa, maana ndizo alizofundishwa. Meneja Kipkorir, mtu wa kuvaa tai ambaye hajawahi kushika spana, aliisoma kama anayenusa soksi.

"Kosa ni lile limetokea. Hili limetokea wapi?"

"Hapo kwa benchi, boss."

Meneja akachungulia dirishani. "Mbona wamekaa vizuri tu? Nikituma hii, tangi linafungwa. Ni wewe utalifungua?"

Akaagiza benchi lizungushiwe turubai, wageni wa Nairobi wasilione. Kiprugut akahamishiwa geti. Kazi ya glasi ikapewa kamati, na kamati haijakaa.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Jumanne iliyofuata Fancy mzima akafika na begi lake.

"Usipande leo, madam," Kiprugut akamwambia. "Mafuta hayajaangaliwa."

"Si meneja yuko?"

"Yuko. Hiyo ndiyo shida."

Fancy akapita, akafunua turubai, akajiona.

"Uko hapa tangu lini?"

"Wiki sasa."

"Na hawajakuandika?"

"Hawa? Wanajua kuandika nini hawa."

Fancy akatazama saa yake. Meneja alikuwa akiita abiria kwa kipaza sauti, akiwashukuru kwa kuchagua usalama. Fancy akarudisha turubai, akaenda kupanda.

Yule wa benchi akawaambia wenzake wabanane.