Pikipiki Inayopiga Miayo

Mzee Yakariya alimdanganya mkewe Jumapili, akaondoka Jumatatu. Alisema anakwenda kaskazini, Chumphon, kutazama miche ya durian, yale matunda ya miiba, maana bei ya utomvu wa mpira imeshuka na mtu lazima ajipange. Saripah alikuwa akikunja nguo. Hata kumtazama hakumtazama.

"Miche ya durian," alisema. "Kwa pikipiki. Na goti hilo."

"Basi linanitapisha, unajua."

Hilo lilikuwa kweli, na mzee alifurahi kuwa na walau neno moja la kweli la kushikilia.

Habari yenyewe aliipata Ijumaa, kwenye duka la chai mbele ya msikiti wa Raman, mji wao mdogo jimboni Yala. Mahusen, mpishi wa meli za uvuvi aliyekuja kumzika shangazi yake, alisimulia kwamba kule Ranong, pwani ya upande wa pili, kijana mmoja wa kwao Yala ameanguka baharini mwezi uliopita. Mrefu, mpole, hana maneno mengi. Mwili haukuonekana, na jina lililoandikwa kwenye daftari la meli lilikuwa la uongo. Mahusen mwenyewe hakumfahamu, alisikia tu. Alipomaliza kusimulia aliomba aongezewe sukari. Kuna watu Mungu amewapa mdomo akasahau kuwapa macho, kwa sababu mzee aliyeketi mbele yake alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na chai ilikuwa inamwagika.

Anuwa, mtoto pekee wa Mzee Yakariya, alikuwa mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Miaka sita iliyopita aliitwa kambi ya jeshi kuhojiwa juu ya duka lililoungua. Walimhoji siku mbili, wakaona hahusiki, wakamrudisha mpaka mlangoni. Anuwa aliketi kwenye ngazi kuvua viatu. Baba yake, ambaye usingizi ulikuwa umempaa siku zote mbili kwa hofu, badala ya kumkumbatia alimwuliza, "Kama hukufanya kitu, mbona walikuita wewe?"

Anuwa alivaa viatu vyake tena. Tangu siku hiyo alimpigia mama yake kila mwezi, kwa namba hii na ile, hasemi yuko wapi, na hakuomba hata mara moja kuzungumza na baba. Sasa ilikuwa imepita miezi miwili bila simu.

Kwa hiyo mzee alipanda Honda yake ya miaka kumi na minane, mfuko wa chakula ukiwa umefungwa nyuma kwa kamba za mpira, akashika njia.

Kwenye kizuizi cha kwanza aliinua siti kabla hajaambiwa. Askari alikuwa kijana mwenye chunusi.

"Unaelekea wapi, mzee?"

"Chumphon. Miche ya durian."

"Na hii pikipiki? Chumphon hii itafika?"

"Ilikuwepo kabla hujaanza shule, mwanangu."

Askari alicheka, akampungia mkono apite. Mzee aliendesha kilomita nzima ndipo akagundua kwamba taya zake zimekaza mpaka zinauma. Hakuwa amefanya kosa lolote. Lakini kusema jina la Anuwa mbele ya mtu mwenye sare lilikuwa jambo ambalo mwili wake ulikataa, na uongo wa durian ulikuwa umetoka laini kuliko alivyotaka.

Alivuka Hat Yai na malori yake, akaingia Phatthalung saa saba mchana akiwa amepauka kwa vumbi. Alisimama kwenye kibanda cha wali cha mama mmoja Mwislamu mwenye kanga ya kijani kichwani, akaegesha, akainua siti, akaketi. Mama wa kibanda alimtazama, akaitazama pikipiki.

"Mjomba, pikipiki yako inapiga miayo."

"Eh?"

"Siti. Umeiacha wazi. Au imechoka inataka kulala?"

Wateja walicheka. Mzee Yakariya aliinuka kuifunga, aibu imemjaa. Kwao Yala hakuna anayefanya vingine. Ukiegesha sokoni, benki, hata msikitini, unainua siti iwe wazi, kila apitaye aone kwamba chini yake hamna kitu cha kulipuka. Anayesahau hupigiwa filimbi, na mtaa mzima hukimbia. Anuwa alisahau mara moja, ana miaka kumi na minne. Soko lilifungwa kwa saa tatu nzima, na baba yake alimchapa mbele ya watu. Baada ya hapo mtoto alikuwa akiinua siti hata uani kwao, penye kuku tu.

"Unatoka kule chini," mama alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida. Alimwongezea kipande cha samaki bila kuulizwa. "Huku funga tu, mjomba. Huku adui yetu mvua."

Lakini mkono wa mtu haufundishwi kwa sahani moja ya wali. Alipofika Thung Song saa ya sala ya magharibi aliegesha kwenye uwanja wa msikiti, akainua siti tena, akaenda kusali. Mvua ilishuka wakati wa rakaa ya pili. Alipotoka, kisanduku cha chini ya siti kilikuwa beseni, na karatasi za pikipiki zinaelea. Alijitukana kimyakimya kwa lugha ya kwao, akahamishia vitu barazani, na ndipo kwa mara ya kwanza alipofungua mfuko wa chakula aliopakiwa na Saripah.

Kulikuwa na wali mkavu, samaki wa kukaanga, na kichupa cha budu, ule mchuzi wa samaki wenye harufu ya kufukuza majirani. Vyote vilikuwa vya watu wawili. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu, alikuta sarong mpya, kikoi cha kwao, ya buluu, ndefu. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi, sarong kama ile angeiburura kama mtoto aliyevaa nguo ya babake.

Aliketi barazani na sarong ile mapajani. Saripah alijua. Pengine alijua tangu Ijumaa, maana wanaume wa duka la chai nao wana wake zao. Alijua, akakunja nguo, akamwachia uongo wake aondoke nao. Na alikuwa amepakia chakula cha mtu aliye hai. Mzee alilia pale, akasingizia mvua ingawa hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Siku ya pili ilikuwa milima. Barabara ya Phanom inapanda na kuteremka katikati ya miamba, na mvua ya upande ule haichoki. Aliendesha goti limevimba, breki ya nyuma inalia, na kichwani mwake hesabu moja ikizunguka: akimkuta, atasema nini, asipomkuta, atamwambia nini Saripah. Alijaribu maneno kwa sauti ndani ya kofia ngumu. Kila alichokijaribu kilitoka kama amri. Miaka yote alikuwa amezoea kumwamrisha yule kijana, na sasa alipotaka kumwomba hakujua aanzie wapi. Alilala Takua Pa kwenye benchi la chumba cha kusalia cha kituo cha mafuta, hesabu ile bado haijajibiwa.

Asubuhi ya tatu aliingia Ranong. Mvua ilikuwa ile ile, kana kwamba ilimtangulia.

Gati la kwanza hawakumjua Anuwa. Alionyesha picha kwenye simu, mtu wa tatu akacheka kwamba ni picha ya mtoto. La pili walimwelekeza kwenye ofisi ya mbao ya mwenye meli, ambako karani mwanamke, Bi Pranom, alivaa miwani na kumsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wengine hawakufanya.

"Aliyeanguka, ndiyo," alisema. "Nilimwona mara mbili tatu, akija kuchukua mshahara. Mrefu."

"Huyu?"

Aliitazama picha muda mrefu. "Mjomba, nikikwambia ndiye nitakuwa nimekudanganya. Nikikwambia siye, vilevile. Hapa anakuja mtu na jina la kuazima, anakaa miezi, anaondoka. Walimwita Yala. Basi, hilo tu."

"Wenzake?"

"Wako baharini. Wiki mbili." Alivua miwani. "Umekula?"

Mzee alisema amekula. Hakuwa amekula tangu jana. Alitoka nje, ngazi zilikuwa tatu na aliona mbili.

Pikipiki alikuwa ameiacha upande wa kiwanda cha barafu, na hakuona njia kwa maji yaliyokuwa yanamtiririka usoni. Mbele ya kiwanda kulikuwa na safu ya pikipiki za wafanyakazi, hamsini, labda sitini. Zote zilikuwa zimefunikwa, nyingine kwa turubai, nyingine kwa mifuko ya taka, siti zimefungwa na mifuko imevutwa juu yake. Watu wa Ranong wanajua mvua. Alipita akizitazama bila kuziona. Karibu na mwisho wa safu alisimama.

Moja ilikuwa imeinua siti.

Ilikuwa wazi kabisa, mvua inaingia, kisanduku kimejaa na maji yanafurika pembeni. Namba zake zilikuwa za Ranong, kwa hiyo si ya mgeni. Mzee Yakariya alishika usukani wake. Duniani ni majimbo matatu tu, ya kwao kusini, yanayofundisha mikono kufanya hivi.

Kisha wazo la pili likaja, baya, likamkaa. Yule aliyezama naye alikuwa wa Yala. Pikipiki ya mtu aliyekwenda baharini asirudi ingekaa hapa hivi hivi, siti wazi, mwezi mzima, hakuna wa kuifunga.

Akainama. Alitafuta kutu kwenye mnyororo, akatafuta utando wa buibui. Matope ya matairi yalikuwa mabichi, lakini kwa mvua ile hata matope ya mwaka jana yangekuwa mabichi. Aliileta Honda yake, akaiegesha kando, na bila kufikiri akainua siti yake. Akasimama katikati ya hizo mbili, akasubiri.

Saa kumi king'ora kililia. Watu walitoka kwa makundi, wake kwa waume, Waburma wengi, wakivuta mifuko ya plastiki na kufukuzana na mvua. Kila mmoja alichukua pikipiki yake. Hamsini zikawa thelathini, zikawa kumi. Mzee alitazama kila uso mpaka watu wakaanza kumkwepa. Zikabaki nne. Zikaondoka mbili. Ikabaki ile, na yake.

Mlinzi alianza kuvuta geti.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," mzee alisema. "Hii ya nani?"

"Hiyo? Ya yule wa mashine ya kusaga barafu. Hutoka mwisho kila siku." Mlinzi aligeuka akapaza sauti kuelekea ndani. "We Tangi la Maji, fanya haraka. Bafu lako limejaa tena."

"Nakuja," mtu alijibu.

"Miaka mitatu namwambia funga siti," mlinzi alimweleza mzee. "Anaitikia, halafu kesho yake hivi hivi. Kichwa kigumu."

Mtu mrefu alitoka mlangoni amejifunika gunia kichwani. Alikuwa na ndevu, na begani amejaa kuliko zamani. Aliinamisha pikipiki yake kuyamwaga maji kama mtu anayefanya kazi ya kila siku. Ndipo alipoiona ya pembeni. Aliitazama siti iliyo wazi, akatazama namba za Yala, akabaki ameinama vile vile. Mzee Yakariya alimwona akipumua.

Maneno yote ya milimani yalikuwa yamempotea.

"Siku ile," alisema. "Kwenye ngazi. Nilikuuliza neno la kipumbavu. Nimekuja kulifuta."

Anuwa alisimama wima.

"Kwa pikipiki hii, Baba? Na goti lako?"

"Ndivyo alivyosema mama yako."

Kijana akamshika mkono kuubusu, akabaki ameukandamiza kwenye paji la uso, mvua ikiwamwagikia wote wawili. Mlinzi aliliacha geti, akaenda kutafuta kitu cha kufanya ndani.

"Walisema umezama," mzee alisema baadaye.

"Sukree huyo." Anuwa alisema polepole. "Wa Bannang Sata, huko huko Yala. Chumba tulikaa pamoja. Babake ana duka la matairi karibu na daraja. Nina namba yake, Baba. Nimempigia mara nne, akiitika nakata. Sikuweza. Ndiyo maana hata Mama sikumpigia, ningempigiaje nikamwambia mimi mzima."

"Kwa hiyo hajui."

"Anamsubiri sikukuu."

Mzee Yakariya aliuona akilini mkono wa mtu asiyemjua, umeshika simu, unasema halo, halo. Siku tatu za njiani, baba huyo alikuwa yeye. Furaha aliyokuwa nayo haikuondoka, lakini ilisogea ikampisha huyo mtu akae.

"Hilo halisemwi kwenye simu," alisema.

"Najua."

"Tutapita Bannang Sata kabla ya nyumbani."

Anuwa aliitazama barabara ya kusini, ambayo hakuikanyaga kwa miaka sita. Kisha akafunga siti ya baba yake, akaisukuma chini mpaka ikabana, akafunga na ya kwake.

"Mama amepakia nini?" aliuliza.

"Budu."

"Hata harufu naisikia," alisema Anuwa, akafuta uso kwa gunia.