Majani ya Mama Gladness

…na wala sitayatupa, sema mpaka betri ya simu yako iishe, yangu nimeiweka hapa mezani karibu na bakuli la ndizi, nimefungulia spika, nakusikia mwanangu, ila macho yangu yako kwenye kichupa hiki, ndani yake, kwenye dawa kidogo ya kipimo, kimesimama kibao cheupe kisichozidi stempu ya barua, nimekidondoshea tone moja tu la maji ya majani, na sasa unyevu unakipanda taratibu kama maji yanavyopanda pindo la kanga iliyosahauliwa kwenye beseni, dakika kumi na mbili, ndivyo inavyosema karatasi ya maelekezo, usikiguse, usikitikise, na mimi sigusi, mikono nimeiweka mapajani, miaka ishirini na saba nimefanya kazi kwenye maabara ya maji ya mji huu, kama kuna kitu nakijua vizuri ni kusubiri kipimo… "Mamma, hör du mig?" nakusikia, Gladness, "nimekusikia, na nimeshasema sitayatupa," anahema, anaongea Kiswidi, siku hizi hata hasira zake ni za Kiswidi, na mimi namjibu kwa Kiswahili, ndivyo tulivyozoea tangu alipoanza shule hapahapa Vällingby, mimi narusha huku, yeye anarudisha kule, mpira wa watu wawili wasiotaka kukutana katikati ya uwanja.

Jana alikuja kuchukua koti lake la zamani la baridi, nami nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, sikuwahi kumzuia, akaenda moja kwa moja kwenye chumba kilichokuwa chake akafungua kabati, upande wa kushoto miche miwili chini ya taa, upande wa kulia matawi yananing'inia kichwa chini kama popo, kati ya nguo zake za kipaimara na suti ya baba yake, hakupiga kelele, alisema neno moja tu, "nej," hapana, akarudisha mlango polepole kama mtu anayefunika maiti, kisha akaja akanywa chai na baba yake, akamuuliza habari za miguu, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka bila koti, ndipo leo asubuhi, hata sahani za kifungua kinywa sijatoa, simu inalia… "unajua kazi yangu ni nini, mamma, mimi ni ofisa wa ustawi wa jamii, kila siku naandika ripoti za watu wa namna yenu," watu wa namna yetu, haya, andika, andika Paskalia Method, miaka sitini na mitatu, mstaafu, hadaiwi na mtu, hajawahi hata kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, andika kwamba maji unayokunywa huko Sundbyberg, uliyokunywa tangu utotoni, nimeyapima mimi, kikombe kwa kikombe, ndani ya glovu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilikuwa na kibali cha kuwapenda watu wa mji huu, nilikuwa nacho kibali cha kupima maji tu… "ni gereza hilo, mamma, siyo faini tu, ukipanda ni gereza," basi na liwe gereza, nitakwenda na kanga zangu.

Hakuwapo Gladness siku ile hospitalini, angekuwapo angejua, nilikuwapo mimi, nimekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba magotini, Method ana ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu mwaka wa tisa huu, miguu inakakamaa kama mbao halafu inaruka yenyewe, usiku inamrusha kitandani kama samaki, na wakati fulani walimpa dawa ya kupuliza mdomoni, imetengenezwa kwa mmea huuhuu, huuhuu Gladness, tofauti ni chupa na muhuri, na kwa miezi miwili mume wangu alilala, nikasikia tena mkoromo wake nikamshukuru Mungu kwa mkoromo, kisha wakamwita kwa tathmini, daktari akauliza kwa upole, maumivu yako sasa ni namba ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi, Method akakaa wima, mwanamume wa kwetu Kamachumu aliyefundishwa kwamba kulia ni kwa watoto, akasema nne, daktari akatazama kompyuta, kabla ya dawa ulisema tano, Method akasema ndiyo, tano, na ilikuwa kumi, Gladness, ilikuwa kumi na tano, lakini alisema tano kwa sababu daktari alikuwa msichana wa umri wako na alimwonea haya, na kutoka tano hadi nne ni moja, na moja haitoshi, hapo ndipo dawa ilipokatwa, tukashuka kwa lifti, na kwenye treni mguu ukaanza kuruka, watu wakahamia viti vingine, na mimi nikautazama mguu ule wa mume wangu nikasema moyoni, sawa, nyie mmeshapima, sasa nitapima mimi.

…anasema kitu kuhusu jirani, "je Alma akinusa," Alma ameshanusa, mwanangu, mwezi uliopita kwenye lifti, akavuta pumzi akatabasamu akasema nyie daima mnapika vitu vyenye viungo vizuri, miaka yote hii kila harufu itokayo mlangoni kwetu kwake ni viungo, kwa mara ya kwanza ujinga wake umenifaa… mbegu zilikuja kwa posta ndani ya kadi ya siku ya kuzaliwa, tatu, moja ikagoma, mbili zikaota, na mimi nilizaliwa shambani, sikuhitaji kufundishwa na mtu kwamba mmea unataka kuangaliwa kila siku, wala sikufundishwa kukausha, baba yangu alikuwa anaanika kahawa kwenye mikeka, anaokota buni moja, anaing'ata, anasikiliza, anasikiliza kwa meno, bado, anasema, na ukikimbilia kuuza mbichi inaota ukungu ndani ya gunia na jina lako linaota ukungu pamoja nayo, na mimi mavuno ya kwanza nilikimbilia, yakaota ukungu, nikayamwaga chooni nikilia kama mtu aliyefiwa, ya pili nikasubiri mpaka kijiti kikavunjika kwa sauti, tak, nikayafungia kwenye mitungi ya jamu, na ikawa vizuri, ikawa vizuri mno… dakika ya tano, unyevu umefika robo, usihangaike Paskalia, usihangaike.

"Na pappa anasemaje," anauliza, "pappa amekubali?" na hapa natega sikio sebuleni, yeye anadhani simu imekatika, "hallå, mamma, hallå," niko hapa, niko hapa, natazama kibao… kutoka sebuleni naisikia sauti ya Method, kumi na saba mara kumi na saba, mia mbili themanini na tisa, kumi na nane mara kumi na nane, mia tatu ishirini na nne, anasema taratibu, anatulia, anaandika, alikuwa mwalimu wa hesabu Bukoba kabla ya kuja huku kufundisha watoto wa wahamiaji Kiswahili, lakini hesabu hizi hakuwa nazo mwaka jana, zimeanza Septemba, kila asubuhi baada ya chai anachukua daftari, kwanza tarehe, kisha majina ya watoto wote wa ndugu zake, kisha namba, na anadhani sijui ni za nini.

Pappa hajui, Gladness, ndiyo hivyo, nakujibu kimoyomoyo, baba yako hajui, kila jioni nampa kijiko cha asali na ndani ya asali yamo majani haya, nilimwambia ni majani ya kwetu, ametuma shangazi, akafungua mdomo kama mtoto kwa sababu mimi sijawahi kumdanganya, miaka thelathini na sita, na akalala, akaamka amenyoosha miguu akacheka, ningemwambiaje, ningemwambia ni bangi, yeye, nduguye Deo, Deo ambaye mimi nilimkuta ameshaharibika, kijana mrefu mzuri anayeokota makopo na kuyapanga uani akiyafundisha kuimba, na ukoo mzima ukasema ni bangi, bangi imemla, sijui, labda ugonjwa ulitangulia na bangi ikaja kuushika mkono, nani alimpima Deo, hakuna aliyempima Deo, walimfunga kamba, na aliyeshika ncha moja ya kamba ni Method, akiwa na miaka ishirini na miwili, hajanisimulia zaidi ya mara moja, na baada ya kusimulia alinawa mikono… basi ndiyo nikasema majani ya kwetu, nikajiambia ni uongo mdogo, uongo wa nesi, na uongo ukaanza kutembea kwa miguu yake, Jumapili iliyopita baada ya misa kule Skärholmen, Method mbele za watu, ameegemea gongo, anasema mimi naponywa na majani ya Mama Gladness, na Dancille, yule mama wa Kirundi wa kwaya, akanishika mkono, "dada, na miye nisaidie kidogo, mama yangu haachi kulia magoti," na Method akajibu kwa niaba yangu, utapata, Dancille, utapata, mke wangu hana choyo.

Septemba, Jumamosi, saa tisa mchana, mtungi mpya, kijiko kilekile, sikujua kwamba mavuno hayafanani, mimi, mtu wa maabara, nilikisia, hiyo ndiyo aibu yangu na hakuna mahakama itakayonishtaki kwa hiyo, baada ya saa moja akashika mikono ya kiti kwa nguvu, "Mama Gladness, saa ya ukutani imesimama," nikasema inatembea, "imesimama, na ukuta unapumua," macho yamemtoka, jasho, nikamletea juisi nikasema sukari imeshuka, kunywa, nikasema hivyo nikimtazama usoni, akanywa, akaanza kulia bila sauti, mwanamume asiyelia, akasema, "Deo alianza hivihivi," nikasema siyo, ni sukari, akasema, "Paskalia," hajaniita Paskalia tangu Gladness azaliwe, "nikiharibika, usinifunge kamba," na mimi nikamshika kichwa saa nne nzima nikisema sukari, sukari, ni sukari tu, mpaka ikapita, akalala, kesho yake akaomba daftari.

Na mimi nikafanya nini, nikaagiza kipimo, nikajiona shujaa, nikasema sasa sitakisia tena, nitapima kila mtungi, doa jekundu ni kile kinacholevya, doa la rangi ya chungwa ni kile kinachotuliza, nitachanganya kwa uangalifu, nitapunguza kijiko, na nimepima kweli, na Septemba haijarudi, nami nimekaa hapa wiki baada ya wiki nikibishana moyoni na polisi, na daktari, na bunge lao, na binti yangu, nawashinda wote, kila asubuhi nawashinda wote kabla ya kuosha vyombo… na kumbe upande wa pili wa ukuta kuna mtu anajipima peke yake, ishirini na moja mara ishirini na moja, mia nne arobaini na moja, anahakikisha kwamba bado yupo, kila siku anaamka akiwa na hofu ya kamba, na dawa ya hofu hiyo ninayo mimi, ni sentensi moja, haihitaji taa wala mtungi wala cheti cha mtu, na nimemnyima miezi miwili, daktari alikata dawa ya miguu yake kwa kutojua, mimi namkatia hii kwa kujua… ishirini na mbili mara ishirini na mbili, mia nne… mia nne… kimya, naisikia kalamu ikigonga daftari, tik, tik, themanini na nne, Method, sema themanini na nne, kila mtu husahau hiyo, haina maana yoyote, mia nne… na kimya kile kinaingia jikoni na kukaa na mimi mezani.

"Mamma, nalia mimi huku," anasema Gladness, na sasa amesema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "mimi sitaki wewe enda gereza, mimi naogopa," na mimi nimesikia, mama yangu mzazi, nimesikia, siyo ripoti, ni hofu, nyumba hii nzima inaogopa na kila mmoja anaogopa chumbani kwake, hapana, haitawezekana, kama nina ubishi, na ninao, Mungu anajua ninao, nilitoka nao Kamachumu na baridi ya huku haikuuweza, basi niutumie mahali panaponitisha kweli, polisi hawanitishi, kinachonitisha ni uso wa yule mzee akijua ni nini nimekuwa nikimtia mdomoni, atasema Deo, atanawa mikono, labda hataniita Mama Gladness tena, na akisema nikate miche nitaikata, kwa ajili yake, siyo kwa ajili ya sheria ya mtu, na akisema leta kijiko nitaleta, na kila asubuhi nitamwonyesha madoa, jekundu hili, chungwa hili, aamue mwenyewe na akili zake zile zinazojua mia mbili themanini na tisa… na Dancille nitamwambia hapana, uso kwa uso, na sababu nitampa… dakika ya saba, unyevu haujafika hata nusu, sahani bado chafu, ndizi bado bakulini, nje basi linapita kama kila siku.

"Gladness, usikate," nasema, "kaa hapohapo, usikilize na wewe," kisha nainua sauti, "Method!"

"Naam?"

"Weka kalamu chini. Akili yako ni nzima. Siku ile haikuwa sukari, wala haikuwa Deo. Ilikuwa mimi."